Kobe wa Udongo katika Bustani

Watoto, leo tutajifunza kazi ya mikono. Tutafinyanga kobe wa udongo, kisha tutamweka katika bustani ya shule au ya nyumbani. Atakuwa pambo kati ya maua na lengalenga. Lakini hatakaa bure. Chini ya gamba lake patakuwa na nyumba ndogo, na chura ataweza kuingia humo mchana apumzike. Usiku chura hutoka akala wadudu wanaoharibu mboga. Basi kobe wetu atapendeza macho, tena atasaidia bustani.

Kazi hii yahitaji udongo, maji, moto na mikono. Vitu hivi vyote vipo kwetu Rughenda. Lakini yahitaji na kitu cha tano, nacho ndicho kigumu kupatikana: subira. Watoto wengi hufinyanga vizuri sana, kisha hupoteza kazi yao yote motoni kwa sababu ya haraka. Kwa hiyo someni habari hii yote kwanza, ndipo mshike udongo. Mtajua kwa nini udongo hupasuka, na mtu afanye nini ili usipasuke.

1. Kazi ya kale

Ufinyanzi ni kazi ya zamani sana katika nchi za Maziwa Makuu. Miaka 2,500 hivi iliyopita watu wa pande za Kivu, Rwanda, Burundi, Uganda na kando ya Ziwa Victoria walianza kufinyanga vyungu vyenye mistari mizuri iliyochorwa shingoni na ukingoni. Wataalamu huviita vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali pamoja huko Kenya ya magharibi vilipopatikana. Mary Leakey na wenzake waliandika habari zake mwaka 1948.

Wafinyanzi hawakufanya vyungu tu. Mwaka 1929, huko Luzira karibu na Kampala, wafungwa waliokuwa wakichimba mlimani walikuta vipande vya sanamu ya udongo. Kati ya vipande hivyo kulikuwa na kichwa cha mtu, chenye macho, pua na mdomo. Kichwa hicho kimewekwa katika British Museum, mjini London, na watu wengi huenda kukitazama.

Fikirini, watoto. Nyumba za watu wale wa kale zilioza. Nguo zao zilioza. Mikeka na vikapu vyao vililiwa na mchwa. Lakini udongo waliouchoma vizuri umebaki. Mchwa hawaulaki, mvua haiuyeyushi. Mtu akifinyanga kwa uangalifu na kuchoma kwa uangalifu, kazi yake yaweza kudumu kuliko yeye mwenyewe.

2. Udongo wa kufinyanga ni nini?

Mawe ya milimani hupigwa na jua na mvua kwa maelfu ya miaka. Polepole huoza na kuvunjika. Chembe zake ndogo mno huchukuliwa na maji mpaka bondeni, na huko hutua. Hizo ndizo udongo wa kufinyanga. Watu wa Butembo waujua sana, kwa maana ndio udongo wa mabondeni wanaofyatulia matofali.

Chembe hizo hazionekani kwa macho. Kila moja ni bapa na nyembamba, kama gamba la samaki. Maji yakiingia kati yake, chembe huteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo sababu udongo wenye maji ni laini, hukubali kuvutwa na kukunjwa. Chembe za mchanga si bapa. Ni kama vijiwe vya mviringo, hazishikani. Ndiyo sababu mtu hawezi kufinyanga chungu kwa mchanga mtupu.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Maji yakitoka katika udongo, chembe husogeleana. Chombo kizima hupungua, huwa kidogo kuliko kilivyokuwa. Upande mmoja ukikauka upesi, hupungua upesi, nao upande wa pili ulio mbichi bado hautaki kupungua. Pande hizi mbili huvutana, kama watoto wawili wanaovuta kamba. Mwisho kamba hukatika. Huo ndio ufa.

Basi kazi ya mfinyanzi ni nini? Ni kuyatoa maji polepole, na pande zote kwa usawa.

3. Kuchagua udongo

Kwanza mwombeni ruhusa mwenye shamba. Nendeni pamoja na mtu mzima. Msichimbe katika kingo za barabara, wala penye korongo, wala chini ya mteremko mkali baada ya mvua kubwa. Mji wetu ni wa vilima, na ardhi iliyolegea huporomoka bila kutoa habari. Mkimaliza kuchimba, fukieni shimo. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji, na mtoto mdogo aweza kutumbukia.

Ondoeni udongo mweusi wa juu wenye mizizi. Huo wafaa kwa mboga, haufai kwa kobe. Chini yake mtakuta udongo mzito, wenye rangi ya kijivu, ya manjano au nyekundu. Chukueni kidogo mkaujaribu kwa njia mbili.

Jaribio la kwanza: loweshe udongo, uviringishe kati ya viganja mpaka uwe kama kalamu. Kisha uzungushe katika kidole chako. Ukikunjika bila kukatika, ni mzuri. Ukikatikakatika, una mchanga mwingi. Tafuta mwingine.

Jaribio la pili: fanya kibao chembamba cha udongo. Kwa ncha ya kisu chora juu yake mstari wa sentimeta 10 kamili. Kiache kikauke kivulini siku chache, kisha upime mstari tena. Tuseme sasa una sentimeta 9 na milimita 3. Umepungua milimita 7 katika milimita 100. Hiyo si mbaya. Lakini ukipungua zaidi ya sentimeta nzima, udongo huo una nguvu mno, nao utapasuka ukikauka. Dawa yake ipo. Okoteni vigae vya vyungu vilivyovunjika, vitwangeni mpaka viwe kama chenga za mahindi, vichanganyeni na udongo. Sehemu moja ya vigae yatosha kwa sehemu tano za udongo. Vigae vimekwisha kupita motoni, havipungui tena. Huushika udongo usivutane mno, tena huacha njia ndogo ndogo za kutokea maji.

4. Kuutayarisha udongo

Anikeni udongo mpaka ukauke kabisa. Mwaweza kustaajabu: mbona twaukausha udongo ambao tutautia maji tena? Sababu ni hii: bonge kavu likitiwa majini huvunjika lenyewe likawa tope laini. Bonge lenye unyevu hukaa vile vile, gumu kwa ndani.

Upondeni udongo mkavu, mtoe mawe na mizizi. Utieni katika ndoo ya maji, mwache usiku mmoja. Kesho yake ukorogeni, kisha mwuchuje kwa gunia lililo wazi wazi. Uacheni utulie. Maji yatapanda juu, nanyi mtayamwaga polepole. Tope lililobaki litandazeni juu ya gunia, na gunia liwekeni juu ya matofali makavu. Matofali yatanywa maji. Udongo ukiacha kushika mikono, ni tayari kukandwa. Kama mna vigae vilivyotwangwa, vitieni sasa.

Kandeni kama mtu akandavyo unga wa mkate. Sukuma mbele, kunja, geuza, sukuma tena. Fanyeni hivyo mara 50 na zaidi. Kata bonge katikati kwa uzi utazame ndani. Ukiona vitundu vya hewa, kanda tena. Ukiona bonge lote ni sawa, bila tundu wala kijiwe, funga udongo katika jani la mgomba lenye unyevu. Udongo uliokandwa ukakaa siku mbili tatu hufinyangika vizuri zaidi.

5. Kumfinyanga kobe

Siku ya kwanza twafanya gamba. Chukua bakuli lenye upana wa sentimeta 18 hivi. Tandika ndani yake kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha tandaza gunia mezani, uweke juu yake vijiti viwili vyenye unene wa sentimeta 1, na udongo katikati ya vijiti. Viringisha chupa juu ya vijiti hivyo mpaka udongo uwe bapa kama chapati nene. Vijiti huzuia chupa isishuke, na kwa hiyo unene wa udongo huwa sawa kila mahali. Kumbuka tuliyosema: palipo pembamba hukauka kabla ya palipo panene, ndipo ufa huzaliwa.

Inua chapati hiyo kwa mikono miwili, uiweke ndani ya bakuli. Ishindilie taratibu kwa vidole, kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kata udongo unaozidi ukingo. Acha bakuli kivulini mpaka kesho.

Mtoto mmoja atauliza: kwa nini ndani ya bakuli? Je, haifai kuuweka juu ya bakuli lililofunikwa? Jibu mmekwisha kulipata. Udongo hupungua ukikauka. Ukiwa ndani, hujitenga na bakuli wenyewe, hutoka bila taabu. Ukiwa juu, hulibana bakuli, na bakuli halitaki kupungua. Basi udongo hupasuka.

Siku ya pili gamba litakuwa imara kama kipande cha sabuni. Geuza bakuli, ulitoe gamba polepole, uondoe kitambaa. Sasa lasimama kama kilima kidogo, na ndani ni tupu. Upande wa nyuma, mahali pa mkia, kata mlango wa chura kwa kisu: upana sentimeta 6, urefu sentimeta 4. Uufanye wa mviringo kwa juu. Mlango wenye pembe kali huanza ufa katika pembe zake.

Sasa fanya kichwa. Viringisha udongo uwe kama yai la njiwa. Toboa tundu kwa nyuma kwa kijiti, tundu lifike katikati ya kichwa. Toboa na gamba mahali pa kukibandika, ili tundu la kichwa likutane na nafasi iliyo ndani ya gamba. Kisha fanya miguu minne mifupi, minene kama kidole gumba chako, na kila mguu uutoboe kwa chini. Matundu haya yana maana. Kichwa na miguu ni minene kuliko gamba. Bila tundu, maji yaliyo katikati hayana njia.

Namna ya kubandika ni hii. Kwaruza gamba mahali pa kubandika, mistari ikatane. Kwaruza na kichwa vile vile. Paka pande zote mbili uji wa udongo, yaani udongo uliokorogwa na maji mpaka ukawa kama uji wa mtoto. Kandamiza, ukizungusha kidogo, kisha laini kiungo kwa kidole. Usibandike udongo laini kwa udongo laini bila kukwaruza. Utashika leo, utaanguka kesho. Wazee husema: Udongo uwahi ungali maji. Maana yake, viungo na mapambo yote yafanywe sasa, kabla udongo haujakauka. Kichwa kibichi hakishiki katika gamba kavu.

Kisha pamba gamba. Kobe wa kweli ana vigamba vikubwa 13 mgongoni: vitano katikati kutoka shingoni mpaka mkiani, na vinne kila upande. Pembezoni huzunguka vigamba vidogo vingi. Vichore kwa kijiti chembamba. Mistari isizame zaidi ya theluthi ya unene wa udongo. Macho yachomwe kwa ubua wa jani, na mdomo uchorwe kwa kisu. Kwa ndani andika herufi za jina lako.

Kobe akianza kuwa mgumu, msugue kwa kijiwe laini cha mtoni. Chembe zile bapa hulala chali zote, na mgongo wake hung'aa bila rangi wala mafuta.

6. Kumkausha

Butembo iko juu sana, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, tena karibu na ikweta. Kwetu mvua huweza kunyesha mwezi wo wote. Hupungua kidogo Januari na Februari, na tena Juni na Julai. Jua letu nalo ni kali saa za mchana. Yote mawili ni adui wa kobe mbichi. Mvua humyeyusha, jua humpasua.

Mwekeni ndani ya nyumba, mahali pasipo upepo mkali, juu ya vijiti, hewa ipite chini yake. Siku tatu za kwanza mfunikeni kwa majani ya mgomba. Kisha mfunueni kidogo kidogo. Kichwa kikianza kukauka kabla ya gamba, kifungeni kitambaa chenye unyevu mpaka gamba limfikie mwenzake. Mwacheni majuma mawili. Kama ni majira ya mvua nyingi, majuma matatu.

Mtajuaje ya kuwa amekauka? Kuna njia mbili. Ya kwanza, mwekeni shavuni. Akiwa baridi, bado ana maji, kwa maana maji yanayotoka huleta baridi. Akiwa kama meza au ukuta wa chumba, amekauka. Ya pili ni ya hesabu. Mpimeni katika mizani kila siku. Tuseme siku ya kwanza alikuwa na gramu 1,600, baadaye 1,400, baadaye 1,260, kisha 1,250, na kesho yake 1,250 tena. Uzito hauondoki, basi maji yaliyoweza kutoka kwa hewa yamekwisha.

7. Kumchoma

Kuchoma si kazi ya watoto peke yao. Mwalimu au mzazi awepo tangu mwanzo hata mwisho. Chagueni siku kavu isiyo na upepo. Mahali pawe mbali na nyumba, mbali na majani makavu. Ndoo mbili za maji ziwe karibu. Mtu asimwage petroli wala mafuta ya taa motoni. Nguo zinazoning'inia zifungwe.

Kwanza lazima kumpasha kobe moto, na hapa ndipo haraka huharibu kazi za watu wengi. Udongo unaoonekana mkavu bado umeficha maji kidogo kati ya chembe zake. Kwetu maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, kwa sababu tuko juu. Kando ya bahari huchemka kwenye 100. Maji yakichemka hugeuka mvuke, na kijiko kimoja cha maji hutaka nafasi ya zaidi ya vijiko 1,600 kikiwa mvuke. Mvuke ukija polepole, hutoka kwa njia ndogo za udongo. Ukija wote kwa mara moja, hausubiri njia. Hupasua ukuta, na kobe huruka vipande vipande kwa mshindo. Vipande hivyo vyaweza kuumiza macho. Watu husema hewa ndiyo iliyompasua. Hewa hudhoofisha udongo, lakini mpasuaji hasa ni maji.

Basi washeni moto mdogo, mpange makobe kuuzunguka, mbali kidogo. Wageuzeni kila mara. Baada ya nusu saa wasogezeni karibu. Endeleeni hivyo saa mbili, mpaka kobe awe moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono mtupu.

Kisha tengenezeni shimo pana, lisilo na kina kirefu. Tandikeni vigae chini, juu yake majani makavu na vijiti. Kwa koleo au kwa fimbo mbili, mtu mzima aweke makobe juu ya vijiti. Zungusheni kuni nyembamba, magunzi ya mahindi na matawi makavu ya mikaratusi. Hakuna haja ya kuangusha mti kwa ajili ya kobe. Matawi yaliyoanguka yatosha. Funikeni juu kwa majani na vigae vikubwa, mkawashe moto kwa pembeni. Ongezeni kuni kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili. Kobe akionekana mwekundu kama kaa la moto, kazi imefika.

Ndani ya moto kuna jambo kubwa linalotendeka. Katika kila chembe ya udongo kuna maji mengine, yaliyofungwa ndani ya chembe yenyewe. Jua haliwezi kuyatoa. Moto wa digrii 450 mpaka 600 huyatoa. Yakisha kutoka, chembe hubadilika, hushikana, wala hazirudi kuwa tope tena. Kabla ya moto, kobe wetu ni udongo wenye sura ya kobe. Baada ya moto ni kama jiwe.

Acheni moto uzimike wenyewe. Msimwage maji. Msifukue majivu mkitaka kuona. Kobe moto akipatwa na hewa baridi hupasuka, hata kama alipona moto mkali. Rudini kesho.

Kuna njia nyingine iliyo rahisi. Mwombeni mfyatuaji wa matofali aweke makobe yenu katika tanuru yake, kati ya matofali. Moto wake huwaka kwa muda mrefu na kupanda polepole, na kuni hizo zingetumika kwa vyovyote.

Mkimtoa kobe, mgongeni kwa kidole. Akilia kama kengele, ni mzima. Akitoa sauti nzito, iliyoziba, tafuteni ufa. Atakuwa mwekundu kwa sababu udongo wetu una chuma, nacho hupata rangi kama kutu. Mabaka meusi ni alama za moshi. Si kasoro. Wafinyanzi wengine huyapenda.

8. Kobe bustanini

Mwekeni kobe mahali penye kivuli, kati ya maharagwe na lengalenga, juu ya udongo wenye unyevu. Chimbueni kidogo chini ya gamba, mlango uelekee mahali palipo kimya. Msimkamate chura mkamtia kwa nguvu. Atakuja mwenyewe akipapenda. Mtu akimgusa chura, anawe mikono, kwa maana ngozi yake hutoa sumu inayowasha macho. Tena msinyunyizie dawa ya wadudu karibu naye. Dawa ikiwaua wadudu, chura hana chakula. Na chura akila wadudu wenye dawa, hufa yeye naye.

Mwingine atasema: mimi ningependa kufinyanga bakuli zuri, nilipange katika bustani. Bakuli lafaa, lakini lazima limwagwe kila siku. Bakuli lililoachwa hushika maji ya mvua, na mbu hutaga humo. Katika muda wa majuma mawili, au hata moja, mayai huwa mbu wanaoruka, na baadhi yao huleta malaria na magonjwa mengine. Kobe wetu amefunikwa, hashiki maji hata tone. Ndiyo sababu tulimchagua yeye.

Sasa, watoto, tazameni njia tuliyopita. Kupondaponda, kuloweka na kukanda, siku kama saba. Kufinyanga, siku mbili. Kukausha, majuma mawili au matatu. Kuchoma, siku moja, na siku moja ya kungoja. Ni karibu mwezi mzima kwa kobe mmoja. Karibu siku zote hizo mfinyanzi hafinyangi. Angoja maji yatoke. Aliyengoja ana kobe. Asiyengoja ana vigae, naye avitwange, avichanganye na udongo mpya, aanze tena.

Maulizo

1. Kwa nini udongo wenye maji ni laini?
2. Ufa huzaliwa namna gani?
3. Mstari wa sentimeta 10 umekauka, sasa una sentimeta 8 na milimita 8. Je, udongo huo wafaa? Uutengenezeje?
4. Kwa nini twashindilia udongo ndani ya bakuli, si juu yake?
5. Matundu ya kichwa na miguu yana kazi gani?
6. Kobe alikuwa na gramu 1,600, sasa ana 1,250. Maji yaliyotoka ni gramu ngapi?
7. Ni kitu gani hasa kinachompasua kobe motoni?
8. Kwa nini bakuli bustanini laweza kuleta ugonjwa, na kobe hawezi?

Kazi ya mikono

Fanyeni vibao viwili vidogo vya udongo ule ule. Vikaukeni vyote viwili. Kimoja kichomwe pamoja na makobe, cha pili kisichomwe. Vitieni vyote katika ndoo ya maji jioni. Asubuhi vitazameni, mkaandike katika daftari mlichokiona, na sababu yake.